Umoja na Muungano: Historia ya Maneno Mawili katika Siasa za Tanzania, 1954–2014

Ikisiri

Maneno umoja na muungano hutumiwa mara nyingi kana kwamba yana maana moja. Makala haya yanaonesha kuwa maumbo ya maneno hayo, pamoja na historia ya matumizi yake nchini Tanzania, yanayatofautisha kwa namna yenye uzito wa kisiasa. Umoja ni jina la hali, nalo lina vinyume viwili: utengano na wingi. Muungano ni jina la tendo la pande zaidi ya moja, na kwa hiyo hubeba masharti yanayoweza kuhojiwa. Makala yanadai kuwa mambo mawili yamefanya maswali ya kawaida kuhusu mapatano ya mwaka 1964 yasikike kama uasi: kuhama kwa kinyume cha umoja kutoka utengano kwenda wingi, na mazoea ya kuuzungumzia muungano kwa lugha ya umoja.

1. Utangulizi

Kwenye nembo ya taifa ya Tanzania yameandikwa maneno "Uhuru na Umoja". Katika jina rasmi la dola hiyohiyo, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, neno umoja halimo. Lililomo ni muungano. Raia wengi huyaona maneno haya mawili kila siku, moja kwenye nembo na jingine kwenye jina, bila kuona haja ya kuuliza kwa nini dola moja ilihitaji yote mawili.

Swali hilo lina msingi katika lugha yenyewe. Katika Kiingereza, maneno yanayolingana na haya yametokana na neno moja la Kilatini lenye maana ya "moja", na ndiyo maana anayetumia lugha hiyo huteleza kwa urahisi kutoka hali ya kuwa kitu kimoja hadi mapatano ya kuungana. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kina mizizi miwili isiyo na undugu: -moja, ambalo ni neno la hesabu, na -unga, ambacho ni kitenzi cha kazi ya mikono. Aliyetafsiri Kiingereza cha siasa kwa Kiswahili alilazimika kuchagua, na kila uchaguzi ulikuwa na matokeo yake.

Makala haya yanafuatilia uchaguzi huo tangu kuundwa kwa TANU mwaka 1954 hadi Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. Mifano ya Kenya imeingizwa pale tu inapotoa mwanga kuhusu matumizi ya Tanzania.

2. Maumbo ya maneno na maana zake

Umoja limeundwa kwa kiambishi u- cha nomino dhahania na shina -moja. Liko katika kundi la uzuri, utoto na ugumu. Nomino za namna hii hutaja hali bila kumtaja aliyeisababisha. Kwa kuwa -moja si kitenzi, hakuna mtenda wala mtendwa ndani ya neno umoja. Anayelitamka hatulazimishi kuuliza ni nani aliyemfanya nani kuwa kitu kimoja naye, wala lini.

Shina hilo lina tabia nyingine inayostahili kuangaliwa. Kwa hesabu, moja haina wingi; hata hivyo Kiswahili husema "sisi ni wamoja", yaani huipa idadi ndogo kuliko zote kiambishi cha wingi. Watu walio wamoja hawajapungua wakawa mtu mmoja. Wamebaki wengi, ila kwa jambo linalozungumzwa wanahesabiwa pamoja. Neno pamoja lenyewe ni ndugu wa umoja: limebeba kiambishi pa- cha mahali, na maana yake ya msingi ni kuwa mahali pamoja. Abiria wa basi wako pamoja, lakini si lazima wawe wamoja.

Kutokana na hayo, umoja lina vinyume viwili. Katika sarufi ya shuleni kinyume chake ni wingi: kitabu ni umoja, vitabu ni wingi. Katika methali kinyume chake ni utengano: umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Vinyume hivi si sawa hata kidogo. Umoja unaopingana na utengano unaweza kuishi na wingi. Ndio umoja wa watu walio "wamoja". Umoja unaopingana na wingi hauwezi. Humtaka aliye mwingine aondoke au anyamaze. Sehemu kubwa ya historia inayofuata ni historia ya kuhama kutoka kinyume kimoja kwenda kingine.

Muungano ni neno la aina nyingine. Mzizi wake ni -ung-, ule ule wa kuunga uzi uliokatika, kuunga mfupa uliovunjika na kuunga mkono hoja. Kiungo ni mahali mifupa miwili inapokutana. Kiambishi -an- kilicho ndani ya neno hilo ni cha kutendana, na hakuna anayeungana peke yake. Kwa hiyo muungano huzaa maswali kwa umbo lake: nani na nani wameungana, kwa mambo yapi, na kwa masharti gani? Tena kilichoungwa kwa kawaida huonesha mahali kilipoungwa, na mafundi wa kamba na wa mifupa wanajua kuwa hapo ndipo pa kuangaliwa kwanza.

Wanafonolojia nao hulitumia neno hilo. Wa- ikikutana na -izi tunapata wezi: irabu mbili zimetoweka na ya tatu imezaliwa. Lakini mu- ikikutana na shina hilohilo tunapata mwizi: irabu ya kwanza imegeuka kuwa kiyeyusho na ya pili imebaki kama ilivyokuwa. Kukutana kwa sauti, basi, hakuna tokeo moja tu. Tutalikumbuka jambo hili tutakapofika mwaka 1964.

3. Umoja dhidi ya utengano, 1954–1961

TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 kutokana na Tanganyika African Association, na kaulimbiu yake ikawa "Uhuru na Umoja". Ili kuelewa neno umoja lilimaanisha nini wakati huo, lazima tutazame lilisimama dhidi ya nini. Serikali ya kikoloni ilipendelea uwakilishi uliogawanywa kwa misingi ya rangi, ambapo Waafrika, Waasia na Wazungu walipewa viti sawa ingawa idadi yao haikukaribiana hata kidogo. Katika uchaguzi wa miaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kuchagua wagombea watatu, mmoja wa kila kundi. TANU iliamua kushiriki katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958, baada ya mabishano makali, na baadhi ya wanachama waliopinga uamuzi huo wakajitoa wakiongozwa na Zuberi Mtemvu, aliyeunda chama chake.

Katika mazingira hayo, kinyume cha umoja kilikuwa utengano. Aliyehubiri umoja alikuwa anapinga kugawanywa kwa watu kwa rangi, kwa kabila na kwa maeneo ya machifu. Msukuma, Mchaga na Mzaramo hawakuambiwa waache kuwa walivyo, bali waliambiwa tofauti hizo zisitumiwe kuwatawala. Huu ni umoja wa "wamoja": wingi umo ndani yake na unakubalika.

Lugha iliyobeba ujumbe huo ina historia inayogusa mada yetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ikaendeleza kazi hiyo kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kwa maneno mengine, umoja wa Tanganyika ulihubiriwa kwa lugha iliyosanifiwa kutokana na usemi wa Unguja, zaidi ya miaka thelathini kabla ya nchi hizo mbili kuungana kisiasa.

4. Umoja dhidi ya wingi, 1962–1992

Baada ya uhuru neno halikubadilika, lakini kinyume chake kilibadilika. Mwaka 1964 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa kwa sheria na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja, NUTA. Katiba ya muda ya mwaka 1965 ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja kisheria, TANU kwa upande wa Tanganyika na Afro-Shirazi kwa upande wa Zanzibar, hadi vyama hivyo vilipounganishwa kuwa Chama Cha Mapinduzi tarehe 5 Februari 1977. Neno umoja likawa pia jina la asasi: Umoja wa Wanawake, Umoja wa Vijana. Katika majina haya, umoja si sifa ya wanawake wote au vijana wote. Ni tawi la chama.

Hoja ya viongozi haikuwa ya kipuuzi. Walikuwa na nchi kubwa na maskini, yenye makabila zaidi ya mia moja, na waliziona nchi jirani zikipasuka. Lakini kiisimu kulitokea jambo ambalo halikutangazwa: umoja uliacha kupingana na utengano pekee na ukaanza kupingana na wingi. Kutoka "sisi ni wamoja" tulifika "chama kimoja". Shina ni lilelile. Kiambishi wa- ndicho kilichopotea, na pamoja nacho ile nafasi ya kuwa wengi na wakati huohuo kuwa wamoja.

Kenya ilipita njia inayofanana kwa maneno mengine. Chini ya Daniel arap Moi, falsafa ya Nyayo ilijumlishwa kwa maneno matatu, amani, upendo na umoja, na mwaka 1982 katiba ilirekebishwa ili KANU kiwe chama pekee. Sharti hilo liliondolewa mwishoni mwa mwaka 1991.

Ushahidi wa jinsi maana hii mpya ilivyoota mizizi Tanzania unaonekana katika kazi ya Tume ya Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na hofu ya kuvunjika kwa umoja na amani ilisikika sana katika mjadala wa wakati huo. Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Jina la mfumo mpya lilieleza kiini cha hofu hiyo: "mfumo wa vyama vingi". Kwa masikio yaliyozoea kwa miaka karibu thelathini kuwa kinyume cha umoja ni wingi, jina hilo pekee lilitosha kuleta wasiwasi.

5. Muungano wa 1964 na lugha ya umoja

Tarehe 22 Aprili 1964, zaidi kidogo ya miezi mitatu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, Julius Nyerere na Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano mjini Zanzibar, na tarehe 26 Aprili Muungano ukaanza. Neno lilikuwa sahihi. Kulikuwa na pande mbili zenye majina, kulikuwa na hati, na kulikuwa na orodha ya mambo 11 yaliyokabidhiwa kwa serikali ya pamoja. Jina Tanzania, lililotangazwa baadaye mwaka huohuo, limeungwa kwa vipande vya majina mawili, na jicho la kawaida linaona mahali vilipokutana.

Tatizo lilikuwa katika tokeo. Zanzibar ilibaki na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Tanganyika haikubaki na serikali yake. Mambo yake yakashughulikiwa na serikali ya Muungano. Tukirudi kwenye mfano wa kifonolojia, hatukupata wezi, ambapo pande zote mbili hutoweka na kuzaa sauti mpya, wala hatukupata maneno mawili yaliyowekwa sambamba. Tulipata kitu kilicho karibu zaidi na mwizi: upande mmoja uligeuka, mwingine ukabaki unasikika. Jambo la ajabu ni kuwa kila upande uliweza kujiona ndio uliopoteza: Tanganyika jina na serikali, Zanzibar kiti cha dola huru pamoja na mamlaka ambayo yaliendelea kupungua kadiri orodha ya mambo ya Muungano ilivyorefuka kutoka 11 hadi 22.

Hayo ni maswali ya muungano, na neno lenyewe linayaruhusu. Lakini yalipoulizwa, mara nyingi yalijibiwa kwa lugha ya umoja. Mwaka 1984 Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, aliyetaka suala la muundo lifikishwe kwenye mahakama maalumu ya katiba, alilazimika kujiuzulu. Kipindi hicho kimebaki katika kumbukumbu kwa msemo wa "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Msemo huo unafaa kuchunguzwa. Hali ya hewa haina hoja wala haijibiwi, husubiriwa tu itulie. Suala la kisheria lilikuwa limegeuzwa kuwa wingu.

Mwaka 1993 wabunge 55 walipotaka iundwe serikali ya Tanganyika, Nyerere alijibu kwa kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichotoka mwaka 1994. Alitetea muundo wa serikali mbili na kuonya kuwa serikali ya tatu ingeua Muungano. Ni haki kukiri kuwa Nyerere alijibu hoja kwa hoja, jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya. Nafasi ya hoja ikachukuliwa taratibu na msamiati wa "kero za Muungano". Kero ni usumbufu, kama wa mbu au wa foleni; huondolewa, haujadiliwi. Swali la nani ana mamlaka gani likapata jina linalolifanya lionekane dogo.

Mgongano wa maneno umefika hadi kwenye katiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaitaja Tanzania kuwa nchi moja. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, baada ya marekebisho ya mwaka 2010, inaitaja Zanzibar kuwa mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo. Ya kwanza inahesabu kwa lugha ya umoja, ya pili kwa lugha ya muungano, na zote mbili zinatumika.

6. Ushahidi kutoka ng'ambo ya mpaka

Uzito wa neno muungano nchini Tanzania unaonekana vizuri tukivuka mpaka. Baada ya makubaliano ya Februari 2008 kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, Wakenya walipata "serikali ya muungano", iliyoitwa pia serikali ya mseto. Kwao maneno hayo yana maana ya vyama kugawana madaraka kwa kipindi fulani. Kwa Mtanzania, "Serikali ya Muungano" ni serikali ya Jamhuri nzima, na hakuna anayetarajia iishe baada ya uchaguzi ujao. Vivyo hivyo, magazeti na redio za Kenya hutaja kwa wepesi "Muungano wa Afrika" na "Muungano wa Ulaya", ilhali Mtanzania hupendelea "Umoja wa Afrika" na "Umoja wa Ulaya".

Tofauti hii haielezeki kwa sarufi, kwa kuwa sarufi ni moja. Inaelezeka kwa historia. Nchini Tanzania muungano limekuwa karibu jina pekee, lenye herufi kubwa, la tukio moja la mwaka 1964. Kenya haikuwa na tukio la namna hiyo, na neno limebaki jepesi: miungano huundwa na kuvunjika kabla ya kila uchaguzi bila mtu kudai kuwa taifa limevunjika.

7. Utengano unaotoka ndani

Fasihi nayo imelishughulikia suala hili kwa upande wa kinyume. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed, mwandishi kutoka Zanzibar, alichapisha riwaya yake Utengano. Kichwa hicho kinamkumbusha msomaji yeyote methali tuliyoitaja. Lakini riwaya haifuati njia ambayo methali hutumiwa majukwaani. Nyumba ya Maksuudi haivunjwi na adui wa nje wala na wanaopenda fujo. Inavunjwa na baba mwenyewe, anayemfungia mkewe na bintiye ndani na kulinda heshima ya nyumba kwa ukali na unafiki. Maimuna anapoondoka, hauvunji umoja uliokuwapo. Anaonesha kuwa haukuwapo.

Riwaya hiyo si fumbo la Muungano, na makala haya hayadai hivyo. Inachotufundisha kuhusu neno ni kuwa kuwa pamoja chini ya paa moja si kuwa wamoja, na kuwa utengano unaweza kuzaliwa na mtu yuleyule anayehubiri kinyume chake.

8. Kurejea kwa kinyume cha zamani, 2010–2014

Matukio mawili ya karne hii yanaonesha kuwa maana ya awali haikufa. La kwanza lilitokea Zanzibar. Baada ya chaguzi zenye migogoro, umwagaji damu wa Januari 2001, na miafaka ya mwaka 1999 na 2001 ambayo haikutimizwa kikamilifu, kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliidhinisha "Serikali ya Umoja wa Kitaifa". Umoja huo haukumtaka mshindani aondoke. Ulimpa kiti. CCM na CUF vilibaki vyama viwili, vyenye bendera mbili, ndani ya serikali moja. Baada ya miaka mingi, wingi ulirudishwa ndani ya umoja kwa maandishi ya katiba.

La pili lilitokea Dodoma. Tume iliyoongozwa na Joseph Warioba ilikuwa imependekeza muundo wa serikali tatu. Katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, wajumbe waliounga mkono rasimu hiyo walijipa jina la Umoja wa Katiba ya Wananchi, UKAWA, na mwezi Aprili wakatoka ukumbini. Watu walioambiwa kuwa hoja yao ingevunja umoja walijiita Umoja. Hatuna haja ya kuamua hapa kama muundo walioutaka ulikuwa bora. Kwa historia ya neno inatosha kuona kuwa walikataa kumwachia mpinzani wao umiliki wa neno hilo, na kuwa walilitumia kwa maana ya mwaka 1954: vyama mbalimbali, vilivyo wamoja kwa jambo moja.

9. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kuwa umoja limepita hatua tatu: kwanza lilipingana na utengano, kisha likapingana na wingi, na tangu mwaka 2010 limeanza kurejea kwenye kinyume chake cha kwanza bila kukiacha kabisa cha pili. Muungano, kwa upande wake, lilianza kama jina sahihi la mapatano, likageuzwa kuwa jina takatifu la tukio, na masharti yaliyomo katika umbo lake yakawa magumu kutajwa.

Kuna matokeo mawili. Kwa watunga kamusi, ingizo la umoja linapaswa kuonesha vinyume vyake vyote viwili, kwa kuwa maana yake hutegemea kipi kati ya hivyo kinachokusudiwa. Kwa mjadala wa umma, faida ni kubwa zaidi. Anayeuliza masharti ya muungano anauliza swali ambalo neno lenyewe linamtaka aulize, na kumjibu kuwa anavunja umoja ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Watu wanaweza kutofautiana kuhusu namna walivyoungwa na bado wakawa wamoja. Kiswahili, kwa kiambishi kidogo cha wa-, kilikuwa na njia ya kulisema hilo hata kabla ya Hati za mwaka 1964.